Mashine ya kwanza ya kukata stika: ni kweli plota za Kichina hupinda baada ya mita moja?

#1 MamaBeji_Mbale
Habari za jioni wadau.

Niko Mbale, Uganda, nabandika majina na namba kwenye jezi, na beji kwenye sweta za shule. Mashine ya joto ninayo, ya kukata sina. Mpaka leo nachora kwenye kompyuta, natuma faili kwa WhatsApp kwa kijana wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji kule Kampala, anakata, anapakia kwenye basi la usiku, asubuhi naenda stendi kuchukua.

Mwezi uliopita timu ya mtaa ilinilipa jezi 22. Mechi Jumamosi saa nane. Basi liliharibikia njiani, stika zikafika saa kumi. Nilirudisha pesa yote, na kocha hajanisalimia tena. Siku hiyo niliamua nanunua yangu.

Nina shilingi milioni 2. Nimebaki na njia mbili: zile ndogo za mezani kama Cricut au Silhouette Cameo, au plota ya Kichina, yaani mashine kubwa ya kusimama inayokata stika za roli, ile wanayoiita 720. Binamu yangu anasema za Kichina zinapinda: ukikata kitu kirefu kuliko mita moja, mstari unaporudi haukutani na ulipoanzia. Ni kweli? Kama ni kweli, ni kwa nini? Msiniambie tu "nunua hii". Nataka kuelewa.

#2 FundiNasser
Mama Beji, binamu yako hajakudanganya. Huu ni mwaka wangu wa tisa Nasser Road na nimekatia mashine za kila namna. Tatizo ni mota. Za bei nafuu zina mota za stepa. Stepa inahesabu hatua tu: imeambiwa ipige elfu moja, inapiga, ikikosa tatu haina habari. Ikivuta kitu kizito inakosa hatua, na kosa linaongezeka kila inapoenda na kurudi. Mota za servo zinajua zilipo na zinajisahihisha. Iache hiyo milioni 2 benki, ongeza kidogo kidogo, tafuta Roland GS-24 hata iliyotumika.

#3 Mnubi_wa_Bombo
Fundi ssebo, nakuheshimu, ila kwenye mota hapana. Nina ya Kichina ya stepa hapa Bombo, mwaka wa nne sasa. Mwanzo ilipinda vibaya, nusu sentimita kwa mita moja na nusu. Mota sijaigusa mpaka leo. Nilichobadilisha ni namna ya kulisha. Nilikuwa naliacha roli likae nyuma na mashine ilivute yenyewe. Roli la mita 50 ni mzigo! Sasa navuta kwanza stika ya kutosha kazi nzima, naiacha ilegee nyuma, halafu naipeleka mbele mita mbili na kuirudisha bila kukata, mara mbili. Ikirudi palepale, nashusha kisu. Kupinda kwisha.

#4 Boda_Stika_Jinja
Nafuatilia. Mimi pia nataka kuanza, stika za boda boda.

#5 Mhandisi_Tororo
Fundi na Mnubi, kila mmoja ameshika upande wake, lakini kuna kitu mmekiruka.

Plota haina mkono wa kushika stika. Chini kuna rola ya chuma yenye mikwaruzo, juu kuna magurudumu ya mpira yanayobana, stika inapita katikati. Mota, iwe stepa au servo, inajua rola ya chuma imezunguka kiasi gani. Stika imetembea kiasi gani, haijui. Kihisi cha servo kiko kwenye mota. Kwa hiyo stika ikiteleza kati ya mpira na chuma, hata servo ya bei ya gari haitapata habari.

Kupinda upande ni jambo moja. Hapo mara nyingi mpira wa kushoto na wa kulia haubani sawa, au mmoja umechakaa. Huku kwetu tunalima kwa ng'ombe: dume mmoja akiwa na haraka kuliko mwenzake, mtaro hauwezi kunyooka hata mkulima awe nani. Kutofika kwa urefu, yaani uliagiza sentimita 150 ukapata 149, ni jambo la pili. Hapo ndipo hatua zilizokosekana za Fundi zinaweza kuingia. Mama Beji, muulize binamu yako aliona lipi.

#6 FundiNasser
Sawa Mhandisi. Basi nieleze: Roland tunayokata nayo dukani, vijana wanaweka stika, wanafunga kishikizo, wanakata mita tatu, inakutana. Hakuna mtu anayeipeleka mbele na nyuma. Kama servo haioni stika, kinachoinyoosha ni nini?

#7 Mhandisi_Tororo
Rola iliyochongwa kwa usawa toka mwisho hadi mwisho, na springi zinazobana kwa nguvu moja. Hiyo bei kubwa unalipia chuma na springi pia, mota ni sehemu tu. Hivyo ndivyo ninavyoona. Sijawahi kufungua moja na kuhamishia mota ya stepa nipime tofauti.

#8 KijanaWaArua
Nyote mnaongea kama mko kwenye vyumba vya feni. Njooni Arua mwezi wa pili, chini ya bati, saa nane mchana. Stika inakuwa laini kama chapati. Nilikuwa nakata asubuhi inakutana, mchana faili ileile, mashine ileile, inapinda. Nikahamisha kazi zote ndefu ziwe za alfajiri na usiku. Kwangu mimi ni joto.

#9 Mnubi_wa_Bombo
@KijanaWaArua roli lako la mchana lilikuwa limekaa ndani siku nzima, au ulilitoa kwenye jua ukaanza kukata?

#10 KijanaWaArua
Lilikuwa limetoka sokoni kwenye boda. Lakini hata yaliyolala ndani yalifanya hivyo.

#11 MamaBeji_Mbale
Asanteni. Nimempigia binamu: anasema ni kupinda upande, kulia kila mara. Aliiona kwenye duka la rafiki yake.

Na hizi ndogo za mezani? Kazi yangu kubwa ni jezi. Sijawahi kukata kitu cha mita tatu maishani mwangu.

#12 Dada_Mutukula
Mama Beji hapo umefika nilipotaka. Mimi ni Mtanzania, nafanyia kazi Mutukula upande wa Uganda, majina ya harusi na jezi za watoto. Natumia Cameo 4. Upana wake wa kukata ni kama sentimita 30. Namba ya mgongoni ya mtu mzima ni kama sentimita 25, kwa hiyo inaingia. Ni ndogo, haina kelele, naibeba kwenye begi. Programu yake inafanya kazi bila intaneti, na ukiwa mpakani ambako laini inahama kutoka nchi hii kwenda ile, hilo ni jambo kubwa. Kero moja: toleo la bure halifungui faili za michoro za aina ya SVG. Nachorea kwenye Inkscape, programu nyingine ambayo ni ya bure, natoa faili ya aina ya DXF, inafunguka.

Cricut niliiacha kwa sababu programu yake, Design Space, inataka akaunti na intaneti, na isitoshe unaruhusiwa kupakia michoro yako 20 tu kwa mwezi.

#13 Mwalimu_Busia
Dada, hiyo ya michoro 20 tuirekebishe kabla haijasambaa. Machi 2021 kampuni ilitangaza kwamba wasiolipia wangewekewa kikomo cha michoro 20 kwa mwezi. Wateja wakapiga kelele kila kona, na mwezi huohuo kampuni ikarudi nyuma. Kikomo hicho hakipo. La akaunti na intaneti uko sahihi, ingawa kwenye simu za iPhone na iPad kuna namna ya kuhifadhi kazi na kukata bila mtandao.

#14 Dada_Mutukula
Asante mwalimu, nimejifunza. Bado sitaki mashine inayohitaji ruhusa ya mtandao ili ikate.

#15 Boda_Stika_Jinja
Nimesoma makaratasi ya hizi mashine usiku kucha. Cameo 4 ina nguvu ya kukandamiza kisu ya gramu 5,000. Roland GS-24 gramu 350. Kwa hiyo Cameo ina nguvu mara kumi na nne na ni nafuu zaidi! Kwa nini watu wa Nasser wanasifia Roland?

#16 Mhandisi_Tororo
Kijana, hongera kwa kusoma, ila namba hizo hazishindani. Stika ya kawaida inakatika kwa gramu 80 hadi 120 hivi, kisu kikiwa kipya. Ile 5,000 ni ya nafasi ya pili ya vifaa kwenye Cameo, kwa ajili ya vitu vinene kama ngozi na mbao laini. Kwa stika hutaigusa maishani. Unachotaka kwa boda boda ni mbio na kuweza kukaa siku nzima. GS-24 inafika milimita 500 kwa sekunde, na inakula roli la sentimita 61 bila mkeka wa kushikilia stika.

#17 FundiNasser
Na wewe wa boda, hizo stika zinazong'aa usiku ni nene. Usizikate kwa kisu cha kawaida chenye ncha ya nyuzi 45. Weka cha nyuzi 60, punguza mwendo. Na kisu kikishakata stika ya kung'aa usikirudishe kwenye kazi ndogo ndogo za herufi, ncha inakuwa imekwisha.

#18 Mnubi_wa_Bombo
Niongeze hapo kwenye kisu, maana wanaoanza wote wanaua mashine hapa. Watu wanatoa kisu nje kama cha kuchinjia. Ncha inatakiwa itoke kidogo sana, unaigusa kwa kidole unaisikia tu. Kata mraba mdogo wenye pembetatu ndani, bandua. Stika ikitoka safi na karatasi ya nyuma ina alama nyepesi kama ya ukucha, hapo hapo. Ukiona karatasi imetoboka, umezidisha, na siku moja utakata ule utepe mweupe ulio chini ya kisu.

Mama Beji, ya nguo inakatwa kwa kinyume, kama kwenye kioo, upande wa plastiki inayong'aa ukitazama chini. Unajua, maana mashine ya joto unayo, lakini siku ya kwanza utasahau. Wote tulisahau.

#19 MamaBeji_Mbale
@Mnubi nitaandika kwenye karatasi niibandike juu ya mashine.

#20 Msafiri_Kasese
Samahani kama ni swali la mtoto. Kwa nini msinunue mashine ya leza ndogo? Hakuna kisu, hakuna kubana, hakuna kupinda.

#21 Mhandisi_Tororo
Ndugu yangu, usijaribu kamwe. Stika hizi nyingi ni PVC. Ukizichoma kwa leza zinatoa gesi ya hidrojeni kloridi. Ikikutana na unyevu inakuwa asidi: kwenye mapafu yako, na kwenye vyuma vya mashine. Leza ikatie mbao, karatasi, na akriliki. PVC hapana, hata kipande cha kujaribia, hata dirisha likiwa wazi.

#22 Msafiri_Kasese
Nimekuelewa, asante sana. Kuna mtu hapa mjini anafanya hivyo. Naenda kumwambia leo.

#23 Mzee_wa_Ndeeba
Wanangu, mnabishana kuhusu jembe wakati trekta imeingia shambani. Siku hizi jezi zinachapwa kwa DTF. Unachapa picha yenye rangi zote kwenye filamu, unamwagia unga wa gundi, unayeyusha, unabandika. Hakuna kukata wala kubandua mabaki ya herufi. Vijana wa mjini wamehamia huko. Huyu mama anunue plota ya nini?

#24 FundiNasser
Mzee shikamoo. DTF tunayo dukani na ni nzuri. Lakini wino mweupe wa DTF haupendi kukaa. Usipochapa siku kadhaa unaganda kwenye kichwa cha printa, na kichwa kipya ni mamilioni. Mtu wa Mbale anayepata jezi 22 leo na kazi nyingine baada ya wiki mbili atakuwa anachapa ili kuisafisha printa. Plota unaizima, unaifunika kitambaa, mwezi mzima, unaiwasha, inakata. Na dirisha la duka au mlango wa gari hutaubandikia DTF ya nguo.

#25 Dada_Mutukula
Fundi leo anamtetea Mama Beji anunue plota, na kila akikata yake mwenyewe ni mteja mmoja amepungua Nasser Road 😄

#26 FundiNasser
Dada, wateja wanaojua kazi ndio wanaoleta kazi kubwa. Mama Beji akiwa na plota ya sentimita 60, siku akipata basi zima la kubandika atanipigia. Namkaribisha.

#27 Mzee_wa_Ndeeba
Marahaba mwanangu. Hilo la wino sikulijua. Hata hivyo fleksi, ile stika ya nguo inayobandikwa kwa joto, kwenye jezi za poliesta iangalieni. Nyingi zinataka joto la nyuzi 150 kwa sekunde 10 hadi 15, na jezi nyepesi ikipigwa hivyo inabaki na alama ya mraba inayong'aa. Nimeziona uwanjani Namboole, mgongo mzima una dirisha.

#28 MamaBeji_Mbale
Hapo kwenye joto naweza kujibu mwenyewe. Poliesta naipiga kwa nyuzi chache zaidi kwa fleksi maalumu ya joto la chini, na naweka karatasi ya kuokea juu. Dirisha halionekani.

#29 Okello_wa_Gulu
Nimechelewa lakini nina kisa. Kaka yangu aliniletea mashine ya joto kutoka Marekani ndani ya kontena. Nikaichomeka. Kule umeme ni volti 120, hapa 240. Ilitoa moshi kabla sijaondoa kidole kwenye swichi. Kwa hiyo yeyote anayeletewa kitu na ndugu wa nje, asome nyuma kwanza.

Na plota yangu, ambayo ni ya Kichina, ilikuwa ikipinda siku ambazo umeme unashuka. Taa zikififia kidogo, mstari unahama. Nilipoiweka kwenye kifaa cha kuhifadhi umeme haikurudia. Ndiyo maana sikubali maneno ya roli wala ya joto. Ni umeme.

#30 Mwalimu_Busia
Okello pole. Niongeze kwa wasomaji: si kila cha Marekani kitaungua. Hizi ndogo za mezani nyingi zina adapta iliyoandikwa 100-240V, unabadilisha plagi tu. Zenye vyuma vya joto ndizo hatari.

#31 Mhandisi_Tororo
Umeme kushuka unaweza kuifanya stepa ikose hatua, hilo nalikubali. Lakini hatua zikikosekana kwenye rola, stika haifiki. Haiendi kulia. Okello, yako ilihama upande gani?

#32 Okello_wa_Gulu
Zote mbili. Na mkokoteni wa kisu una mota yake pia, Mhandisi. Ukikosa hatua huko, mstari unahama kulia au kushoto bila stika kusogea.

#33 Mhandisi_Tororo
Hapo umenishika. Ni kweli, hiyo inawezekana.

#34 KijanaWaArua
Kwa hiyo binamu wa Mama Beji huenda aliona stika ikitambaa, au kisu kikihama. Hata sisi hatujui alichokiona.

Nitoke nje kidogo: nina asali, nataka lebo za chupa za umbo la tone, zichapwe rangi halafu zikatwe. Ni mashine gani?

#35 FundiNasser
Hapo unataka mashine yenye jicho. Unachapa lebo pamoja na alama za pembeni, jicho linazisoma, kisu kinafuata mpaka. Graphtec na Roland wanazo, Cameo na Cricut pia kwa karatasi ndogo. Za Kichina soma vizuri: nyingine wanaandika ina "leza ya kulenga", kumbe ni taa nyekundu tu, unalenga kwa macho na mikono yako kila alama. Kwa lebo mia tatu za asali utalia. Fungua uzi wako Kijana, tutakuja.

#36 Boda_Stika_Jinja
Na stika yenyewe? Nimeona Oracal 651 wanaisifia, miaka sita nje.

#37 Mnubi_wa_Bombo
Miaka sita ni ya nyeusi na nyeupe, rangi nyingine ni pungufu, na hesabu hiyo ni ya jua la Ulaya ya kati ikiwa imesimama wima. Tangi la boda linatazama juu, na jua letu unalijua. Mwambie mteja miaka michache, ikizidi hapo atakusifu.

#38 MamaBeji_Mbale
Wadau, nimekaa na daftari. Kukatiwa na basi ni kama 160,000 kwa mwezi, miezi ya shule kufunguliwa inazidi. Kwa milioni 2 mashine ingejilipa ndani ya mwaka mmoja na kidogo, bila kuhesabu zile jezi 22. Kuagiza mwenyewe nje niliwaza nikaacha: ushuru, VAT ya asilimia 18, wakala, na ikifika imevunjika nitamlilia nani? Nanunua Kampala, kwa mtu nitakayemrudia.

Nimekubaliana na Dada kwamba ndogo inatosha jezi. Lakini fleksi nayonunua inakuja na upana wa sentimita 50 au 61, na sitaki kuikata vipande kila siku ili iingie kwenye sentimita 30. Nataka pia madirisha ya maduka hapa mjini, hakuna anayeyafanya vizuri. Kwa hiyo 720 inanivuta. Sasa nitajuaje kama ile ninayoiona dukani inapinda, kabla sijatoa pesa?

#39 Mnubi_wa_Bombo
Hapa nina jibu. Usijaribu kwa kisu. Beba kalamu yenye unene unaoingia kwenye kishikio cha kisu, mashine nyingi zinakuja nayo, na roli la karatasi ya kawaida. Mwambie achore mstatili wa mita mbili kwa sentimita 40. Ukiisha, karatasi isiguswe, achore tena uleule juu yake. Mstari wa pili ukikaa juu ya wa kwanza, lipa. Ukiona mistari miwili, pima umbali mwishoni kabisa.

#40 FundiNasser
Nzuri sana hiyo. Na akatae jaribio la herufi ndogo. Wauzaji wanapenda kukata ua la sentimita kumi, linatoka zuri kwa mashine yoyote. Waya wa USB uwe mfupi, na laptopu yako mwenyewe uibebe, uone draiva, ile programu ya kuiunganisha na mashine, inaingia. Nyingi zinatumia chipu ya CH340, pasipo draiva yake laptopu haioni kitu. Zima laptopu kulala. Nimeona kazi ya mita nne ikifia katikati kwa sababu skrini ilizimika.

#41 Dada_Mutukula
Mama Beji ukienda tuletee matokeo, usitukimbie.

#42 MamaBeji_Mbale
Nimerudi. Jana nilipanda basi la saa kumi na moja alfajiri, saa tano nilikuwa dukani na kalamu na karatasi.

Mstatili wa kwanza: mzuri. Wa pili juu yake: mwanzoni umelala sawasawa, mwishoni umehama milimita 3 kulia. Moyo uliniruka, kulia, kama alivyosema binamu. Nikamwomba muuzaji ageuze karatasi, mwisho uwe mwanzo. Ukahama kulia tena, milimita 3. Nikasema basi si karatasi. Nikamwomba asogeze gurudumu la mpira la kushoto liingie ndani kidogo, likae katikati ya sehemu yenye mikwaruzo. Kumbe lilikuwa limekaa nusu nje, hakuna aliyekuwa ameliona. Tukachora tena: milimita 1. Tukavuta karatasi nyingi nyuma ikalegea, kama alivyosema Mnubi: karibu milimita 1, labda pungufu.

Halafu umeme ukakatika dukani, wakawasha jenereta. Nikaomba mara ya mwisho. Milimita 2.

Nimeacha kianzio, sijalipa yote.

#43 Okello_wa_Gulu
Jenereta! Mnaona? Umeme!

#44 Mnubi_wa_Bombo
Okello, karatasi ilipita mara tano mahali pamoja. Imelainika na kuchakaa kingo. Mara ya sita isingeshika hata kwa umeme wa bwawa la Karuma.

#45 KijanaWaArua
Saa ngapi hiyo ya jenereta, Mama? Mchana? Na feni ilizimika?

#46 MamaBeji_Mbale
Saa saba na nusu. Feni ilizimika, ndiyo. Jenereta lilikuwa dogo, lilibeba kompyuta na mashine tu.

#47 KijanaWaArua
Basi.

#48 FundiNasser
Milimita 1 kwa mita mbili ni ya kukubalika kwa jezi na kwa dirisha, nasema hivyo hata mimi ninayependa servo. Ila lile gurudumu lililokaa nusu nje linanisumbua. Angalia mpira wake kama umeliwa upande mmoja. Ukiwa umeliwa, mwombe akubadilishie kabla ya kumaliza malipo.

#49 Mhandisi_Tororo
Na miguu ya stendi. Weka glasi ya maji juu ya mashine. Sakafu za maduka ya mjini zina mteremko kuelekea mlangoni, na stendi ikiegemea upande mmoja karatasi ndefu inashuka huko. Huenda ikifika Mbale ikakaa sawa, au ikahamia kushoto.

#50 MamaBeji_Mbale
Glasi ya maji sikuiwaza kabisa. Nimempigia muuzaji, amekubali nirudi Jumatatu, atafungua saa tatu. Nabeba karatasi mpya, stika halisi mita tano, na glasi.